Boma la Mfano la Mama Mutindi

Mwezi jana tulimzika Mama Mutindi kule Masii, na tangu nitoke matangani sijaweza kula kuku. Si kwamba alikuwa amepikwa vibaya. Alikuwa na nyanya na dania, na wali ulikuwa mweupe pe. Shida ni kwamba nilikuwa nimekaa chini ya hema, sahani mapajani, nikimsikiliza mhubiri akimsifu marehemu kuwa mama msafi, mama aliyewafunza majirani usafi, mama ambaye boma lake lilipewa cheti na serikali, na watu wanaitikia "Amina" huku mafuta yanawachuruzika vidoleni. Nikalirudisha paja sahanini. Ndipo mwanamke mmoja mrefu, nywele zimeshaingia mvi, amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee, akasimama mbele yangu akasema, "Wakya." Nilimjua kwa sauti. Sura yake niliiona mara moja tu maishani, lakini sauti ile niliisikia kila asubuhi mwaka mzima. Kwetu Ukambani mwanamke aliyekuzidi umri akikusalimu "Wakya," unaitikia "Aa," huulizi maswali, hata mtoto anayejifunza kuongea analijua hilo. Kumnyamazia ni matusi. Na mimi nilimnyamazia mwanamke huyu mwaka mzima, nikiwa na akili zangu timamu na mshahara wa serikali.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni juzi tu, nikatumwa Masii kufanya kazi ya afya ya umma. Nilikuwa nimezoea Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, maji ya mfereji na stima, na sasa nikapewa baiskeli na daftari kubwa lenye jalada gumu. Watu waliniita bwana afya, msichana mzima mwenye sketi na nywele za kusuka, na wakiniona nikija mama mmoja angemwambia mwenzake, "Funika maji, bwana afya amefika na rinda." Kazi yangu ilikuwa kwenda boma hadi boma nikikagua choo, shimo la takataka, kichanja cha kuanikia vyombo, maji ya kunywa, na banda la mifugo, maana mifugo haikutakiwa kulala na watu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Kilonzo, mtu wa tumbo na pikipiki, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba magonjwa ya dunia hii yangekwisha watu wakichimba vyoo vya kina kirefu. Ndiye aliyenitafutia chumba kwa mjane mmoja karibu na soko. "Nthenya, huko utakaa kama uko mbinguni," aliniambia. "Huyo mama hata kuku zake zinaoga."

Na kweli kulikuwa kusafi, tena usafi wa kukutisha. Chumba changu kilikuwa na sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi soksi zinateleza, kitanda cha chuma, meza moja, na vitambaa vya kushona kwa mkono juu ya kila kitu, hata juu ya redio. Ua ulifagiwa asubuhi na jioni, na ukiukanyaga mapema ulijiona umeharibu kazi ya mtu. Vikombe kwenye kichanja viliangalia upande mmoja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bafu la mabati, na bafu hilo liliegemea stoo ya mawe yenye mlango wa mbao mzito na kufuli. Huko nyuma palinuka dawa ya choo, ile nyeusi inayogeuka maziwa ikiingia majini. Mama Mutindi aliimwaga kila siku. Chini ya harufu ya dawa kulikuwa na harufu nyingine, na mimi, niliyefundishwa kwa miaka mitatu kunusa uchafu na kuutaja kwa jina, nilijiambia ni panya amefia ukutani. Panya gani huyo wa kuoza mwaka mzima? Lakini ndivyo nilivyojiambia.

Jioni tulikula pamoja jikoni kwake, mimi kwenye kigoda na yeye kwenye mtungi uliopinduliwa. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, akatia kitunguu na mafuta kidogo, na sijawahi kula mwingine kama huo. Alikuwa mama mwenye maneno machache na mikono mikubwa. Kabla ya kunipakulia alijaza kwanza sahani moja ya bati, ya samawati, iliyobanduka rangi ukingoni, akaipeleka nyuma bila kijiko. "Ya mbwa," aliniambia siku ya kwanza nilipoitazama. Nikaona ni sawa. Zilipita wiki kadhaa kabla sijagundua kwamba sijawahi kusikia mbwa akibweka pale. Nikamtania, nikamwambia, "Mama, huyo mbwa wako mwoga anaitwa nani?" Aliacha kukoroga. "Nthenya, umeletwa hapa kuhesabu vyoo ama mbwa?" Tukacheka wote wawili. Nikikumbuka kicheko kile nataka kujizaba kofi.

Halafu kulikuwa na salamu. Kila asubuhi nikioga, nikiimba nyimbo zangu za kanisani, sauti ilitoka ng'ambo ya mabati, taratibu, ya mtu aliyelelewa vizuri: "Wakya." Mara ya kwanza nilifungua kinywa kuitikia. Mama Mutindi alikuwa akianika nguo hapo nje, akanikatiza kwa ukali, "Usimwitikie! Ni mgonjwa wa kichwa, anapitapita hapo nyuma kwa njia. Ukimwitikia mara moja hatatuacha." Nikafunga mdomo. Asubuhi iliyofuata, "Wakya." Nikajimwagia maji kwa kelele. Nilizoea. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi ya yote, kwamba ilichukua kama siku kumi hivi kuzoea. Nyuma ya nyumba ile hapakuwa na njia. Kulikuwa na ua wa minyaa umesongamana hata kuku hapenyi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeusifu kwenye daftari. Na kila mtu pale Masii, muuza mboga, fundi viatu, dada wa kanisani, alimwita mwenye nyumba Mama Mutindi, Mama Mutindi, kutwa kucha. Nilimuuliza siku moja, "Mutindi mwenyewe yuko wapi siku hizi?" Akasema, "Yuko mbali." Nikauliza kama ameolewa. Akasema tena, "Yuko mbali, mwanangu," akaniongezea muthokoi.

Kuelekea mwisho wa mwaka yakaja mashindano ya boma la mfano. Wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Machakos kuchagua boma moja safi kuliko yote, na mshindi angepewa cheti, na watu wa sehemu nyingine wangeletwa kulitazama na kujifunza. Bwana Kilonzo alikuwa hashikiki. Hakuzungushazungusha maneno: "Ni kwa Mama Mutindi. Nani mwingine? Wewe unakaa huko, jaza fomu, usiniletee kosa." Fomu ilidai kila jengo lifunguliwe na litajwe matumizi yake. Kwa hiyo siku moja ya soko, mchana, nikiwa na fomu na kalamu, nilimwambia Mama Mutindi anifungulie stoo. Alisema ufunguo umepotea. Nikamwambia tutavunja kufuli. Akasema kuna nyuki. Nikacheka. Ndipo akakaa chini, pale pale kwenye ua wake uliofagiwa, akavua kitambaa cha kichwa na kukiweka mapajani, na nikajua nilichokuwa nakijua siku zote. Alinipa ufunguo mwenyewe. Ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba, pamoja na msalaba.

Mutindi alikuwa ameketi juu ya gunia, amevaa rinda safi la maua, amenyolewa kipara. Mguu mmoja ulikuwa na mnyororo, ule wa kufungia baiskeli, umezungushiwa kitambaa ili usimchubue, na bado ulikuwa umemchubua. Kulikuwa na ndoo, na sahani ya samawati, na dirisha dogo la juu lililozibwa kwa bati. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Hata humo ndani kulikuwa na mistari ya ufagio! Harufu ilinipiga nikashika ukuta. Yeye alinitazama bila hasira, akasema, "Wakya." Na mimi, badala ya kumwitikia, niligeuka nikamuuliza mama yake, "Amekaa hapa muda gani?" Nilimuuliza mama yake, jamani, kana kwamba aliyekuwa mbele yangu ni mtungi.

Mama Mutindi alinieleza akiwa amesimama mlangoni, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Mutindi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka mmoja akaanza kusikia watu wakimsema, akaacha kulala, akavua nguo mbele ya watoto gwarideni. Wakampeleka kwa waombeaji, wakamfunga wiki mbili bila chakula. Wakampeleka kwa mganga, akamchanja chale. Wakampeleka hospitali kubwa Nairobi, na huko akapata nafuu, akarudi na barua ya sindano ya kila mwezi. "Nikienda dispensari naambiwa dawa hakuna. Nikirudi, hakuna. Nikienda Machakos, wananiambia nirudi Nairobi. Akaharibika tena. Akapotea. Alipatikana kule njia ya Konza, ametembea kwa miguu, na wanaume walikuwa wamemfanya, Nthenya, walimfanya vile wanataka. Na vijana wa hapa sokoni wakawa wanamrushia mawe wakicheka. Sasa wewe uniambie. Ningefanya nini? Hapa ndani hakuna mtu anamgusa." Dispensari aliyoisema ndiyo iliyokuwa na ofisi yangu, mlango wa pili. Nilikuwa nikinywa chai pale kila saa nne. Kisha akanishika mkono wenye kalamu, kwa mikono yake miwili mikubwa, akasema, "Andika ni banda la mbuzi. Nakuomba, mwanangu. Wakimwona watamtoa, na wakimtoa watamrudisha sokoni. Andika ni mbuzi."

Nikaandika. Ningependa kusema kwamba niliandika kwa huruma, na labda robo yake ilikuwa huruma. Robo nyingine ilikuwa hofu ya Bwana Kilonzo, na iliyobaki ilikuwa uvivu wa moyo, ule wa mtu anayetaka jambo limwondokee ili akapumzike. "Jengo la nyuma: banda la mbuzi. Safi. Mlango unafungwa vizuri." Kulikuwa na nafasi ya idadi, na fomu yenye pengo ilirudishwa. Nikaandika: wawili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana enzi hizo.

Siku ya wakubwa walikuja sita, na gari mbili, na Bwana Kilonzo ametia tai. Asubuhi nilikuwa nimemletea Mama Mutindi vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, nikamwonyesha jinsi ya kuvisaga na kuvichanganya na uji. Mimi huyo, bwana afya. Walikagua choo wakakisifu. Walishika vikombe wakavirudisha vikiangalia upande usiofaa. Mkuu wa msafara, bwana mwenye miwani ambaye hakuacha kujipangusa viatu, alifika kwenye stoo iliyopakwa chokaa upya, akakunja pua. "Hawa mbuzi mnawalisha nini?" Watu wakacheka. Bwana Kilonzo akacheka kuwashinda wote. Na katikati ya kicheko hicho, kutoka nyuma ya mlango, sauti nzito ya usingizi, ya adabu, ikasema, "Wakya."

Kicheko kilikatika. Tulikuwa watu tisa au kumi kwenye ua ule, karibu wote Wakamba, watu waliofundishwa salamu ile kabla ya kufundishwa kutembea. Bwana Kilonzo alishika fundo la tai yake. Mama mmoja wa kamati ya mashindano alianza kufumbua midomo, nilimwona kwa macho yangu, kisha akaiuma. Sauti ikarudia, "Wakya." Bwana mwenye miwani alitazama mlango, akatazama fomu yangu, akatazama mlango. Aliuliza polepole, "Ni mbuzi, sivyo?" Bwana Kilonzo akasema, "Ni mbuzi, mzee. Iko kwa fomu." "Basi ongezeni chokaa," yule bwana akasema, akatia alama. Tukaenda mezani. Mama Mutindi alikuwa amechinja kuku watatu. Walikula, wakavunja mifupa, wakanyonya uboho, na aliyeomba baraka alimshukuru Mungu kwa afya njema ya nyumba hiyo. Mimi pia nilikula paja. Nililitapika baadaye nyuma ya minyaa, na hata wakati natapika nilitafuta mahali pasipoonekana, nisiuchafue ua.

Wiki iliyofuata nilimwendea Bwana Kilonzo ofisini. Nilimwambia, "Ulisikia." Akasema, "Nilisikia nini?" Nikamwambia yule mtu anahitaji sindano, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, kwamba kama kuna mmoja hapa karibu na soko basi wako wengine tuliowapita na baiskeli. Aliweka kalamu chini, akanitazama kwa upole, na upole wake ulinichukiza kuliko kama angenitukana. "Dada, sisi ni watu wa choo na maji. Kipindupindu kikiingia, niulize. Kichaa haiambukizi. Hiyo ni ya hospitali, ama ya kanisa. Hebu fungua daftari lako unionyeshe mahali inaandikwa." Nikafungua. Hapakuwa na mahali. Nikarudi kwa Mama Mutindi nikamwambia tumpeleke Nairobi, mimi nitafuatana nao. Lakini cheti kilikuwa tayari sebuleni ndani ya fremu, na makundi ya akina mama yalikuwa yameanza kuletwa kila Alhamisi kuona boma la mfano, na yeye akaniuliza kitu ambacho bado kinaniuma: "Nikimtoa sasa, nitasema ametoka wapi? Si wewe uliandika ni mbuzi?" Fomu yangu ilikuwa imemtia kufuli ya pili. Nikaomba uhamisho. Mwaka ulipokwisha nilipanda gari na sanduku langu, na sikurudi Masii hadi mwezi jana.

Siku hizi nakaribishwa kwenye semina. Afya ya akili ni haki ya kila mtu, imeandikwa kwenye fulana wanazotugawia, na kuna chai ya saa nne na sambusa, na kijana mwenye kipaza sauti anatuambia tuvunje ukimya. Nimewahi kusimama na kuzungumza mimi mwenyewe, nikapigiwa makofi. Nilieleza kwamba jamii inawaficha wagonjwa. Jamii! Nilisema neno hilo bila haya, kana kwamba jamii ni mtu fulani anayekaa ng'ambo ya mto. Sikuwaambia kwamba aliyekuwa na kalamu ni mimi.

Basi pale matangani aliposema "Wakya," nilisimama, sahani ikaanguka, nikaitikia, "Aa." Ilitoka kama kikohozi. Mutindi akatikisa kichwa. "Kumbe unasikia," akasema. "Nilidhani wewe ni kiziwi. Lakini kiziwi anaimba namna gani?" Aliniambia kwamba alikaa mle ndani miaka minne zaidi baada yangu. Akaja nesi mmoja mgeni pale dispensari, msichana mfupi mwenye kelele, akasikia salamu akipita na chanjo za watoto, na yeye akaitikia. Hivyo tu. Aliitikia, akauliza ni nani, akasimama mlangoni hadi kufuli ikafunguliwa. Sindano zikaanza kuja kila mwezi, na nesi akizikosa alikuwa anazifuata mwenyewe Machakos. Mutindi hakurudi kufundisha, ila analima, ana mbuzi wa maziwa, na miaka ya mwisho ndiye aliyemwogesha mama yake na kumlisha kwa kijiko. Nilimuuliza kama alimsamehe. Akasema, "Mama yangu alikuwa anakuja kila siku. Wewe ulikuwa karibu kuliko yeye."

Akanishika mkono akanipeleka sebuleni, watu wakitupisha. Cheti kilikuwa pale pale, kimegeuka manjano, na pembeni yake, kwenye fremu hiyo hiyo, nakala ya fomu yangu. Mama Mutindi alikuwa ameviweka pamoja. Mutindi alivaa miwani yake ya kusomea, akasogea karibu, akapitisha kidole juu ya kioo kama mwalimu anayesahihisha. Choo. Kichanja. Shimo la takataka. Maji. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Mzuri. Sasa nionyeshe. Mimi uliniandika wapi?"

Nilimwonyesha. Niliweka kidole juu ya kioo, kwenye mstari wa jengo la nyuma. Alisoma mstari ule pole pole, mara mbili, akafika kwenye idadi, akasimama hapo.

"Wawili," akasema.

"Fomu ilitaka idadi," nikasema.

Alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Afadhali," akasema. "Angalau uliniandikia mwenzangu." Kisha akatoka kwenda kuwagawia watu chai, akaniacha pale sebuleni mbele ya mwandiko wangu.